Mabishano Juu ya Kaburi: Maswali na Majibu Kuhusu Falsafa ya Kichina

Wengi wanamjua Confucius kwa jina, na wapo waliosikia habari za Laozi. Ni wachache walioelezwa wazee hao walikuwa wakibishana na nani, na juu ya nini. Hilo ndilo ninalojaribu kulieleza hapa, nikifuata maswali ambayo wanafunzi na wasomaji huniuliza mara kwa mara.

Mwalimu, Wachina wana falsafa hasa, au ni busara za wazee tu?

Wanayo, na ushahidi ni ubishi wao. Busara za wazee hupokewa: mzee akisema, waliokaa huitikia. Katika vitabu vya China ya kale hakuna anayeitikiwa hivi hivi. Kitabu chenye jina la Mozi, aliyeishi karne ya 5 KK, kina sura nzima ya kuwashambulia wafuasi wa Confucius. Mengzi, katika karne iliyofuata, alilalamika kwamba mafundisho ya Mozi yameenea kila mahali, akajipa kazi ya kuyajibu. Akaja Xunzi akamkosoa Mengzi kwa jina kuhusu maumbile ya binadamu. Kila mmoja anatoa sababu, anataja mifano, anatafuta mahali hoja ya mwenzake inapovuja. Kama hiyo si falsafa, basi sijui Socrates alikuwa akifanya nini sokoni Athens.

Shaka yenyewe ina historia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Hegel alimwona Confucius kuwa mtoa mawaidha wa kawaida tu, na dharau hiyo ilikaa katika vyuo vya Ulaya kwa muda mrefu. Nchini China, Chuo Kikuu cha Peking kilianzisha falsafa kama somo linalojitegemea mwaka 1912. Mwaka 1919 Hu Shi, aliyesomea Chuo Kikuu cha Columbia, akatoa kitabu cha historia ya falsafa ya kale ya Kichina. Aliwaacha kando wafalme watakatifu wa masimulizi, ambao walimu waliomtangulia walianzia kwao, akaanza na Laozi na Confucius. Hatua hiyo iliwashtua wengi, lakini ndiyo iliyofanya watu hawa wasomwe kama wenye hoja zinazoweza kupimwa.

Tupe mfano wa ubishi huo.

Nitachukua ule ambao kila aliyewahi kuchangia matanga ataufahamu: mtu azikwe vipi, na aombolezwe kwa muda gani?

Desturi ya wakati wa Confucius (551–479 KK) ilimtaka mtoto amwomboleze mzazi wake kwa miaka mitatu. Muda wote huo ajinyime chakula kizuri, nguo nzuri na muziki. Mwanafunzi wake mmoja, Zai Wo, aliona miaka mitatu imezidi. Alisema mwaka mmoja unatosha, kwa kuwa ndani ya mwaka nafaka ya zamani huisha na mpya ikavunwa. Tena mtu akiacha muziki na taratibu za heshima kwa miaka mitatu, vyote hivyo vitaharibika. Hoja yake ilikuwa na uzito. Confucius alimuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali na kuvaa hariri baada ya mwaka mmoja tu. Zai Wo akajibu kwamba ungetulia. Basi mwalimu akamruhusu afanye atakavyo. Kijana alipotoka, Confucius akawaambia waliobaki kwamba huyu amepungukiwa utu, kwa maana kila mtoto hubebwa na wazazi wake miaka mitatu ya kwanza.

Tazama alivyojibu. Hakutaja amri ya mungu wala sheria ya mfalme. Aliuliza habari za moyo. Nguvu ya jibu lake iko hapo, na udhaifu wake uko hapo hapo, kwa sababu Zai Wo alipokiri kwamba moyo wake umetulia, mwalimu hakuwa na la kumwambia ana kwa ana.

Mozi aliliona pengo hilo akaleta kipimo kingine kabisa. Aliuliza: mazishi ya gharama yanawatajirisha maskini? Yanaongeza watu? Yanaleta utulivu katika nchi? Akajibu hapana kwa yote matatu. Mali inafukiwa ardhini. Mwombolezaji anajinyima chakula hadi ashikwe mkono ndipo asimame, na atembee kwa fimbo. Mashamba yanalala, na waume na wake wanatengana kwa miaka. Pendekezo lake lilikuwa la vipimo: jeneza la mbao unene wa inchi tatu, nguo tatu, kaburi lisilofika maji chini wala kuruhusu harufu juu, kisha watu warudi kazini. Na alipoambiwa kwamba mazishi makubwa ndiyo mila ya wafalme wema, alitaja watu wa Yiqu, magharibi ya dola la Qin, waliowachoma wazazi wao na kuona kwamba moshi ule ndio kupaa kwao. Kila taifa linaona desturi yake ndiyo haki. Kwa hiyo, alisema Mozi, kuzoea jambo hakulifanyi kuwa jema. Hoja hiyo mimi naihesabu miongoni mwa hoja bora za dunia ya kale.

Mengzi alimjibu kupitia mfuasi mmoja wa Mozi aitwaye Yi Zhi. Kwanza alimwumbua: yeye mwenyewe, pamoja na kuhubiri mazishi ya bei nafuu, aliwazika wazazi wake kwa gharama. Kisha akasimulia kisa. Hapo zamani, kabla watu hawajajua kuzika, mtu alifiwa na mzazi akamtupa bondeni. Siku moja akapita pale akakuta mbweha wanatafuna mwili na wadudu wamejaa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akageuza macho asitazame. Jasho lile, anasema Mengzi, halikuwa kwa ajili ya watu, bali lilitoka moyoni. Akarudi nyumbani akachukua kikapu na koleo, akaja kufukia. Kuzika kulianzia kwenye jasho hilo, si kwenye mila.

Xunzi naye alikubali taratibu za mazishi ila kwa sababu tofauti. Huzuni, alisema, haina mpaka wake yenyewe. Mtu mwema angeomboleza maisha yake yote, na mtu ovyo angesahau jioni ile ile. Taratibu zinamfupishia wa kwanza na kumrefushia wa pili, wakapata muda wa kuomboleza pamoja.

Na Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa zama hizo? Alipofiwa na mkewe, rafiki yake Huizi alimkuta ameketi anapiga chombo kama ngoma na kuimba. Huizi alimkemea. Zhuangzi akakiri kwamba mwanzoni alihuzunika kama mtu yeyote, lakini alipofikiri aliona kwamba kabla ya kuzaliwa mkewe hakuwa na uhai wala umbo wala pumzi, na sasa amerudi huko kama majira ya mwaka yanavyopokezana. Wanafalsafa wengine wote walikuwa wakiuliza walio hai wafanye nini. Yeye aliuliza kama kifo chenyewe ni msiba.

Mwishowe nani alishinda?

Kwa utekelezaji, wafuasi wa Confucius. Kwa karne nyingi ofisa wa serikali aliyefiwa na mzazi alipaswa kuacha kazi na kurudi kwao kwa miezi 27. Mwaka 1577 Zhang Juzheng, waziri mwenye nguvu kuliko wote katika enzi ya Ming, alibaki ofisini baada ya baba yake kufariki. Maofisa waliothubutu kumlaumu walipigwa fimbo kwa amri ya mfalme.

Wafuasi wa Mozi walitoweka baada ya China kuunganishwa, na kitabu chao kilinusurika kwa sababu kilihifadhiwa ndani ya mkusanyo wa maandiko ya dini ya Tao. Kwa hoja, sioni mshindi. Mengzi alieleza vizuri kwa nini tunazika. Ila swali la Mozi kuhusu familia maskini inayofilisika kwa msiba halikujibiwa ipasavyo na yeyote kati yao.

Kwa nini wote hao walitokea karibu wakati mmoja?

Kwa sababu nchi ilikuwa imevunjika. Mwaka 771 KK mji mkuu wa wafalme wa Zhou ulitekwa, na mwaka uliofuata ufalme ukahamia mashariki. Tangu hapo watawala wa majimbo waliendelea kumtaja mfalme kwa heshima huku wakijifanyia mambo yao. Vita vikaongezeka, majimbo makubwa yakayameza madogo, mpaka Qin ilipoyameza yote mwaka 221 KK. Katika hali hiyo mtawala alihitaji watu wa kumshauri, na msomi asiyeridhika hapa aliweza kupanda gari lake la farasi akaenda kwa mtawala mwingine. Confucius mwenyewe alizunguka majimbo kwa miaka mingi akitafuta wa kumsikiliza, asimpate. Mozi, kwa mujibu wa kitabu chake, alitembea siku kumi usiku na mchana kwenda dola la Chu kuzuia uvamizi dhidi ya jimbo dogo la Song. Huko alivua mkanda wake akaulaza uwe ukuta wa mji, akamwonyesha fundi wa silaha wa Chu kwamba kila shambulio lake lina kinga.

Lakini Confucius si anafundisha utii? Ndiyo maana serikali zinampenda.

Serikali zinapenda baadhi ya maneno yake. Katika fikra zake mtawala ana wajibu wake na raia ana wake, na wa kwanza akiuacha wake, wa pili hadaiwi kimya. Mengzi alikwenda mbali zaidi: aliposikia habari za mfalme dhalimu wa kale aliyepinduliwa na kuuawa, alisema aliyeuawa alikuwa mhalifu tu, kwa kuwa dhuluma yake ilikwisha mvua ufalme. Mwanzilishi wa enzi ya Ming alichukia maneno ya namna hiyo kiasi kwamba mwaka 1394 aliamuru Mengzi achapishwe upya baada ya kuondolewa vifungu 85. Mfalme hahariri kitabu kinachofundisha utii.

Waliofundisha utii waziwazi ni wengine: Shang Yang na Han Fei, waliotaka sheria kali, adhabu na tuzo, bila kutegemea wema wa mtu yeyote. Kwa njia hiyo Qin iliishinda China nzima. Mwaka 213 KK ikaamuru vitabu vya wapinzani vichomwe, na kufikia 206 KK enzi hiyo ilikuwa imekwisha. Tawala zilizofuata ziliweka vitabu vya Confucius mezani, na nyuma ya pazia zikaendelea kutumia mbinu za Han Fei. Mtu asiyejua tofauti hiyo atamlaumu Confucius kwa makosa ya mwingine.

Mafundisho haya ni dini?

Kuna mahekalu ya Confucius, kubwa likiwa mjini kwao Qufu, na ipo dini ya Tao yenye makasisi na ibada zake. Lakini hoja nilizozieleza hapa unaweza kuzifuata uwe Mwislamu, Mkristo au mtu asiye na dini, kama unavyomfuata Aristotle.

Falsafa hiyo iliishia enzi za kale?

Hapana, na hili linasahaulika sana. Dini ya Budha iliingia kutoka India katika karne ya 1 BK, ikawalazimisha wasomi wa China kufikiri upya juu ya akili na ulimwengu. Katika karne ya 12 Zhu Xi alipanga upya mafundisho ya Confucius akivikusanya Vitabu Vinne na kuvifafanua. Kuanzia 1313 ufafanuzi wake ukawa msingi wa mitihani ya kuajiri maofisa, na mitihani hiyo ilidumu hadi 1905.

Zhu Xi alifundisha kwamba kila kitu kina kanuni yake, na mtu huielewa kwa kukichunguza. Kijana mmoja, Wang Yangming, aliamua kulijaribu fundisho hilo. Alikaa na rafiki yake mbele ya mianzi wakiitazama ili waifahamu kanuni yake. Rafiki alishindwa siku ya tatu. Wang aliendelea hadi siku ya saba, akaugua. Miaka mingi baadaye, mwaka 1508, akiwa amefukuzwa mji mkuu na kupelekwa Longchang, huko kusini-magharibi, alifikia uamuzi kwamba kanuni anazozihitaji mtu ili aishi vema zimo ndani ya moyo wake mwenyewe. Hapo ndipo lilipotoka fundisho lake maarufu: kujua na kutenda ni jambo moja. Anayesema anajua wajibu wake kwa wazazi, na hautimizi, bado hajaujua. Sijui fundisho linalombana mwalimu wa maadili kuliko hilo.

Tutajuaje kwamba vitabu hivyo si vya kubuniwa baadaye?

Swali zuri, na hapa elimu imepiga hatua kubwa katika miaka hamsini iliyopita. Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na Changsha, wanaakiolojia walifukua kaburi lililofungwa mwaka 168 KK wakakuta nakala mbili za kitabu cha Laozi zilizoandikwa kwenye hariri. Sehemu zake mbili zilikuwa zimepangwa kinyume: ya pili ilitangulia. Mwaka 1993, katika kaburi la Guodian, mkoani Hubei, la karibu mwaka 300 KK, vilipatikana vipande zaidi ya 700 vya mianzi vyenye maandishi. Humo mna sehemu za Laozi zilizo kongwe kuliko zote tunazozijua, zikiwa pamoja na maandishi ya wafuasi wa Confucius.

Jambo lililowashangaza watafiti ni hili. Katika kitabu tulichokizoea, Laozi anawataka watu waachane na utu na uadilifu, maadili yale yale ambayo Confucius aliyatukuza. Katika mianzi ya Guodian kifungu hicho kinasema jambo jingine, na shambulio hilo halimo. Huenda basi uadui kati ya pande hizo mbili ulikolezwa na waliokuja baadaye. Anayefundisha leo kwamba Laozi na Confucius walikuwa maadui tangu mwanzo anafundisha kwa ushahidi wa zamani.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo mmoja wa kweli. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle twiga, katika miaka ile ya safari za baharini za Mchina Zheng He. Wachina walimpokea kama qilin, mnyama wa masimulizi anayesemekana kutokea pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Imani hiyo inamgusa Confucius, kwa kuwa kitabu cha matukio ya miaka ambacho wafuasi wake walisema ni chake kinafikia kilele kwa habari ya qilin aliyekamatwa mwaka 481 KK.

Yongle alikuwa na sababu ya kuhitaji ishara kama hiyo. Mwaka 1402 alimnyang'anya mpwa wake kiti cha enzi. Fang Xiaoru, msomi mkubwa wa mafundisho ya Confucius, alikataa kumwandikia tangazo la kutawazwa, akauawa. Mwaka ule ule wa twiga, wasomi wa Yongle walikamilisha mkusanyo rasmi wa ufafanuzi wa vitabu vya Confucius. Kwa hiyo mnyama wa Malindi na vitabu vilifanya kazi moja: kumpa heshima mtawala aliyeingia kwa nguvu.

Wanawake wako wapi katika habari hizi?

Wachache waliachiwa nafasi ya kuandika. Ban Zhao, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 2 BK, aliandika mafundisho kwa wanawake yanayosisitiza unyenyekevu, lakini ndani yake alidai wasichana wasomeshwe kama wavulana. Mwaka 1907, akiwa Tokyo, mwandishi He-Yin Zhen alilishambulia jaridani fundisho zima la Confucius kuhusu mke na mume, akilihusisha na umiliki wa mali. Msomaji wa kweli wa falsafa hii amsome na yeye. Mafundisho ya Confucius yalitumika kuwabana wajane wasiolewe tena, na hakuna heri katika kulificha hilo.

Leo ina umuhimu gani kwetu?

China inajenga, inakopesha, inafundisha na kufanya biashara kote Afrika Mashariki, na viongozi wake humnukuu Confucius kila wakati. Mwaka 1974 viongozi wa Chama cha Kikomunisti, hicho hicho kinachotawala leo, waliendesha kampeni ya nchi nzima ya kumlaani. Anayezijua habari hizo atasikia nukuu ya hotubani kwa masikio mengine: atauliza nani aliijibu, na jibu lilikuwa nini.

Lakini nisingependa tuisome kwa sababu ya biashara tu. Maswali yake ni yetu pia. Je, nina wajibu sawa kwa mgeni na kwa mama yangu? Mozi alisema tuwajali wote bila upendeleo, Mengzi akasema kufanya hivyo ni kumkana baba. Kila anayetuma fedha nyumbani huku jirani yake akilala njaa yumo ndani ya ubishi huo.

Nianzie wapi?

Anza na Mengzi, kwa sababu anajadiliana waziwazi na unaona hoja ikizaliwa. Kisha soma Mozi juu ya mazishi na juu ya vita, ili umsikie mpinzani. Ndipo uje kwa Confucius, ambaye vifungu vyake ni vifupi na havifunguki mpaka ujue vilizua ubishi gani. Zhuangzi msome wakati wowote, polepole. Laozi mwache mwisho, hata kama ndiye mfupi kuliko wote: ana maneno elfu tano hivi, na kila mtu humsomea anachotaka mwenyewe.

Na neno moja kwa vijana wetu waliojifunza Kichina. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, mwaka 2005, na Dodoma na Dar es Salaam vikafuata mwaka 2013. Taasisi hizo hufundisha hasa lugha. Huko Beijing, Kiswahili kinafundishwa vyuoni tangu miaka ya 1960, na kitabu chekundu cha Mao kilichapwa huko kwa Kiswahili wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Wenye lugha zote mbili sasa wapo. Chukueni Mengzi, sura moja tu kwa kuanzia, mkaifasiri kwa Kiswahili kutoka Kichina chenyewe bila kupitia Kiingereza, na mtuletee tubishane nayo.